Ujumbe Uliotangulia

Kila Alhamisi, mkuu wa waandishi wa programu alikuwa akichukua kazi ya mtu mmoja, anaiangaza ukutani kwa projekta, kisha anamwambia mwenye kazi asimame aisome kwa sauti. Hakuwa akifoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Alikuwa akiuliza tu, polepole, kama daktari anayebonyeza tumbo akitafuta panapouma: "Hapa ulikuwa na maana gani?" Mtu akijibu, anauliza tena palepale, mpaka maneno yanamwishia anabaki ameshikilia mgongo wa kiti. Ndiyo maana walimwita Msumeno. Naye jina alilijua na hakulichukia.

Chini yake alikuwapo mdogo wa mkewe, msichana aliyeitwa Chiriku. Jina hilo alipewa na dada yake tangu utotoni kwa sababu alikuwa hanyamazi, na ofisini likamfuata kwa kuwa Msumeno alilitamka siku ya kwanza mbele ya watu wote. Jina la utani likishabandikwa halibanduki.

Wazazi wao walipofariki, Chiriku alikuwa bado shuleni, akahamia kwa dada yake. Msumeno ndiye aliyemfungulia kompyuta kuukuu juu ya meza ya kulia na kumwonyesha namna ya kuiambia mashine ifanye jambo. Sisemi kwamba alikuwa mtu mbaya siku zile. Alifurahi kupata mwanafunzi, na mwanafunzi mwenyewe alikuwa mwepesi kama moto wa mabua. Mambo yaliharibika mwanafunzi alipoacha kuuliza akaanza kujibu.

Kampuni yao ilitunza programu ya hospitali kubwa. Msumeno ndiye aliyeiandika, na ujana wake wote ulikuwa humo ndani. Ilikuwa na sehemu nne: wodi, maabara, famasia na ghala la dawa. Zilizungumza kwa njia nyepesi kabisa: unaomba, unasubiri, unajibiwa. Daktari akiandika dawa, skrini ya wodi inaiita famasia moja kwa moja, famasia inaitika kwamba imepata, ndipo daktari anaendelea na mgonjwa mwingine. Mfanyakazi mgeni angeielewa njia hiyo asubuhi moja tu. Lakini sehemu zote zilikuwa zimeshikana mikono. Mmoja akijikwaa, wote chini.

Siku moja kompyuta ya famasia ilizimika, na skrini za wodi zote zikaganda. Madaktari wakarudi kwenye karatasi, wagonjwa wakakaa na maumivu yao wakisubiri. Meneja aliita kikao akataka kujua kulikoni.

"Mashine imechoka," Msumeno alisema. "Wanunue nyingine."

"Mashine zote huchoka, shemeji," Chiriku akasema. "Tatizo ni kwamba wodi haijui kuishi bila famasia. Tumeifundisha hivyo sisi wenyewe."

Alisahau kwamba wako kikaoni, si mezani nyumbani. Meneja akacheka, akamgeukia Msumeno. "Huyu mdogo wenu kakupata."

Msumeno akacheka naye, ila waliokuwa karibu waliona kwamba kilichocheka ni meno.

Baada ya hapo Meneja alimpa Chiriku kazi ya kuisuka upya programu nzima. Hakutakiwa kuiandika kutoka mwanzo. Alitakiwa kuzifumua sehemu zake na kuzisuka namna nyingine, huku hospitali ikiendelea kuitumia. Ni kazi ya kubadilisha nguzo za nyumba watu wakiwa wamelala ndani. Chiriku aliandaa mpango wake, akaja kuuwasilisha akiwa amevaa blauzi aliyopigiwa pasi na dada yake.

"Zisijuane," alisema. "Hilo ndilo wazo lote. Daktari akiandika dawa, wodi itaweka ujumbe kwenye foleni na kuendelea na kazi zake. Famasia itauchukua ikiwa tayari. Famasia ikizimika, ujumbe utasubiri. Tukitaka kuibadilisha maabara kesho, hatuhitaji kuigusa wodi. Kila moja inalala na kuamka kwa wakati wake."

Msumeno aliegemea nyuma. Alichosema siku hiyo, kwa haki, kilikuwa na uzito.

"Leo ukiniuliza dawa ya mgonjwa fulani iko wapi, nakujibu papo hapo. Famasia wameitika, au hawajaitika. Mlango ni mmoja, mwepesi, kila mtu anaujua. Kwenye mpango wako wodi inadondosha ujumbe na kugeuza mgongo. Nani anajua kama umefika?"

"Hatuhitaji kujua papo hapo."

"Na mgonjwa je?"

"Mgonjwa wa juzi alisubiri dawa siku nzima kwa sababu ya huo mlango mwepesi."

Upande wa dirisha alikaa Kobe, mjaribu programu, mtu mzima aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakukubali kukimbizwa na yeyote. Kazi yake ilikuwa kuzivunja programu kabla watumiaji hawajazivunja. Aliinua kidole.

"Nyote mnasema kweli," alisema. "Mlango wa zamani ni mwepesi kwa sababu watu wanasubiriana. Ukishawaambia wasisubiriane, kila mmoja lazima abebe maelezo zaidi mfukoni. Kamba ukiilegeza huku, inakaza kule. Mimi nauliza tu itakaza wapi."

"Jumbe mbili zikipishana njiani je?" Msumeno akauliza.

"Foleni inatunza mpangilio," Chiriku akajibu bila kufikiri mara mbili. "Unaoingia kwanza hutoka kwanza."

"Una hakika?"

"Kabisa."

Meneja akasema mpango umepita.

Jibu lile lilikuwa kweli nusu. Foleni hutunza mpangilio mpaka mlangoni, sawa. Lakini kwenye mlango wa famasia Chiriku alikuwa ameweka wasomaji wawili, yaani vipande viwili vya programu vya kuchukua jumbe, ili jumbe zisirundikane asubuhi wodi zote zinapoandikiwa dawa. Wasomaji wawili kwenye foleni moja ni kama watu wawili wanaopakua mizigo kwenye gari moja: wa kwanza anaweza kuchukua mzigo akajikwaa, wa pili akachukua uliofuata akafika kabla yake. Mara nyingi haina neno. Lakini kama ujumbe wa kwanza unasema "mpeni dawa hii" na wa pili unasema "futeni agizo hilo", basi ina neno kubwa.

Msumeno aliliona hilo alipokaa peke yake ofisini kuupitia mpango. Aliliona mara moja, maana macho yake kwa kazi hiyo yalikuwa hayana mfano. Akaandika pembeni, "Wasomaji wawili. Kufuta kunaweza kutangulia." Akaitazama sentensi hiyo. Akaifuta, mahali pake akaandika: "Sawa. Endelea."

Nyumbani alimweleza mkewe wakiwa wawili mezani. Chiriku alikuwa amechelewa kazini.

"Mdogo wako kajenga nyumba nzuri," alisema, akijikatia kipande cha mkate. "Sitanii. Nzuri kweli. Ila ina ufa."

"Umemwambia?" Dada akauliza.

"Nilimuuliza. Akanijibu mbele ya watu kwamba ana hakika kabisa."

"Basi mwambie tena."

"Mtoto akililia wembe, mpe."

Dada hakujua habari za foleni wala wasomaji, lakini alimjua mumewe. "Pale ni hospitali," alisema. "Si mtu anaweza kuumia?"

"Famasia wana macho. Wataona kitu hakikai sawa, watapiga simu wodini, watatupigia na sisi. Atafedheheka siku mbili, atajifunza maisha yake yote. Na wewe usiniingilie kazi yangu. Akijua lolote, nitajua amelisikia kwa nani."

Chiriku aliporudi alikuwa anang'aa kwa furaha. Alikula amesimama jikoni, akisimulia jinsi wodi ilivyotuma ujumbe wake wa kwanza bila kumsubiri mtu, na akamwonyesha dada yake kwa vikombe na sahani jinsi kila kitu kinavyopita. Dada alimwangalia akisogeza vikombe. Akasema moyoni: nitamwambia kesho. Kesho yake akasema vivyo hivyo. Baadaye akajiambia kwamba mumewe ndiye mjuzi, naye hajui kitu, pengine hata huo ufa wenyewe umeshazibwa.

Programu iliyosukwa upya ikaanza kazi. Na ilifanya kazi, tena vizuri. Kompyuta ya famasia ilizimika tena, na safari hii hakuna daktari hata mmoja aliyetambua. Jumbe zilisubiri, mashine ikaamka, dawa zikatoka. Hospitali waliandika kutoa shukrani. Meneja alinunulia ofisi nzima soda, akamtaka Chiriku aseme machache, naye akasema mengi. Msumeno alipiga makofi kuliko wote.

Kobe alikuja kwenye meza ya Chiriku wengine wakiwa bado wanakunywa. "Niliomba nipewe wiki moja zaidi ya kuijaribu pale mlangoni kwa famasia," alisema. "Mkuu amekataa. Amesema imetosha."

"Kama yeye amesema imetosha, basi imetosha," Chiriku akajibu. "Unamjua huyo. Angekuwa na wasiwasi ningeshasomeshwa ukutani."

Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yake kwa shemeji yake. Aliuogopa ulimi wake, lakini jicho lake aliliamini.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa mshonaji, mama mwenye duka dogo la nguo, aliyelazwa kwa sababu damu iliganda mguuni. Daktari alimwandikia dawa ya kuzuia damu kuganda, kipimo kikubwa. Mara akakumbuka majibu ya figo zake, akalifuta agizo palepale na kuandika kipimo kidogo. Alifanya kama inavyotakiwa. Skrini yake ya wodi ilionyesha dawa moja tu, ndogo, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Asubuhi hiyo famasia ilikuwa imeelemewa. Msomaji wa kwanza alilichukua agizo kubwa akakwama nalo. Wa pili akachukua ujumbe wa kufuta, akautafutia agizo lake, hakuliona, akautupa. Kisha agizo kubwa likafika, na nyuma yake lile dogo. Kwenye skrini ya famasia yakasimama mawili, yote hai.

Mfamasia aliyaona. Kuna wagonjwa wanaopewa dawa mara mbili kwa siku kwa vipimo tofauti, kwa hiyo halikuwa jambo la ajabu, lakini lilimgusa. Alipiga simu wodini. Haikupokelewa, wauguzi walikuwa kwa mgonjwa aliyezimia. Nyuma yake watu walikuwa wamejaa dirishani. Akaiamini skrini.

Mshonaji alipewa zote mbili, siku hiyo na siku iliyofuata. Bintiye alipokuja kumwona alimkuta anatabasamu upande mmoja wa uso. Damu ilikuwa imevuja kichwani. Hakufa. Maneno yalimpotea asiyapate tena, na mkono wa kulia ukalala ubavuni kama kitu cha kuazimwa.

Kikao cha uchunguzi kilifanyika ofisini kwao. Walikuja mganga mkuu wa hospitali na mfamasia, ambaye macho yake yalikuwa yamevimba. Meneja alikaa katikati. Msumeno aliwasha projekta, na ukutani ikatokea kazi ya Chiriku.

"Simama," alimwambia. "Soma."

Chiriku alisimama. "Ukipokea ujumbe wa kufuta," alisoma, "tafuta agizo lake. Usipoliona..."

"Endelea."

"Usipoliona, utupe."

"Hapa ulikuwa na maana gani?"

"Nilidhani ujumbe wa kufuta hauwezi kufika kabla ya agizo."

"Ulidhani."

"Ndiyo."

"Niliwahi kukuuliza kuhusu hilo?"

"Uliniuliza."

"Ukanijibu nini?"

"Kwamba nina hakika."

"Kabisa, ulisema. Soma tena huo mstari wa mwisho. Mganga mkuu hakusikia vizuri."

"Nimesikia," mganga mkuu alisema.

"Soma," Msumeno akarudia, kwa sauti ileile ya upole.

Akasoma. Sauti ilikatika kwenye neno "utupe", na mfamasia akainamisha uso kwenye viganja vyake. Msumeno alimpa Chiriku muda wa kulimalizia neno hilo. Halafu akabadilisha picha ukutani.

"Dawa ya tatizo ninayo," alisema. "Kila ujumbe utabeba namba yake. Ujumbe wa kufuta usioona agizo hautatupwa, utawekwa pembeni usubiri agizo lake, na agizo hilo likifika litafia hapohapo. Famasia na wodi zitabeba maelezo zaidi kuliko zamani. Ndiyo gharama ya kutosubiriana. Kila kitu kimeshajaribiwa."

Kobe aliyatazama majaribio yaliyoorodheshwa chini ya picha. Ilikuwa kazi yake. Alijua jaribio linachukua muda gani kuandikwa. Yale hayakuwa ya juzi wala ya jana.

"Hii umeiandika lini, mkuu?" aliuliza.

"Si zamani."

"Nauliza kwa sababu majaribio haya..."

"Kobe, una swali linalohusu kikao hiki?"

Kobe alimtazama Meneja. Meneja alikuwa anatazama kalamu yake. Kobe alitazama mikono yake mwenyewe, mikono ya mtu aliyebakiza muda mfupi kustaafu, akasema, "Sina."

Chiriku alifukuzwa kazi siku hiyohiyo. "Hospitali wanataka jina," Meneja alimwambia wakiwa wamesimama koridoni. "Mimi nina jina moja tu mkononi. Usinichukie."

Nyumbani alianza kukusanya vitu vyake. Hakuna aliyemfukuza, lakini hakuona atakaaje meza moja na mtu aliyemsomesha vile. Dada alikaa kitandani akimkunjia nguo. Kila alipomaliza moja aliifumua na kuikunja upya.

"Amekuonea," Dada alisema. "Nilimwambia. Nilimwambia akwambie mapema."

Chiriku alikuwa ameshika viatu. "Aniambie nini mapema?"

Dada akaifumua tena nguo aliyokuwa ameikunja.

"Dada. Aniambie nini?"

"Mimi sivijui vitu vyenu. Alisema kuna ufa. Alisema mtu wa famasia ataona, atapiga simu. Alisema ni aibu ya siku mbili tu."

"Alisema lini?"

"Siku ile uliyonionyesha kwa vikombe."

Chiriku aliviweka viatu chini polepole, kimoja baada ya kingine. Alikaa sakafuni. Kwa mara ya kwanza katika maisha yao wote wawili, mdogo alikuwa hana la kusema na mkubwa ndiye aliyekuwa akiongea, akieleza na kujieleza: jinsi alivyokusudia kusema, jinsi siku zilivyopita, jinsi anavyoishi na mtu yule bila mwingine kujua. Maneno yalikuwa mengi na yote yalikuwa kweli, na hata moja halikumfikia.

Msumeno aliporudi alimkuta amesimama sebuleni.

"Ulijua," Chiriku alisema.

Alivua koti akalitundika. "Nilijua."

"Uliandika na dawa yake ukaificha."

"Niliiandika kwa kujifurahisha. Ni tatizo zuri, lina utamu wake."

"Yule mama hasemi. Mkono wake umekufa. Ulikuwa unajua."

"Nilijua kuna mlango ambao haukufungwa. Sikujua nani atapita." Alikaa, akaanza kufungua kamba za viatu. "Sikiliza, maana hakuna mwingine atakayekwambia. Nilikuuliza mbele ya watu. Ungesema 'sina hakika, shemeji, tutazame', ningekuonyesha palepale. Hukutaka kutazama. Ulitaka kunijibu. Kosa lile limeandikwa kwa mkono wako, neno kwa neno. La kwangu ni kimya, na sijawahi kuona kimya kikiangazwa ukutani."

"Nitamwambia Meneja."

"Mwambie. Amenipa kazi yako leo mchana. Atafurahi sana kusikia."

Alimwambia kweli. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho, akamwita Kobe, akamuuliza kama ana lolote la kuthibitisha. Kobe alisema hakumbuki vizuri. Alisema akitazama mlango. Chiriku alipokuwa akishuka ngazi alimsikia akija nyuma yake kwa hatua zake nzito, akasimama kumngoja, lakini Kobe aliishia kwenye ngazi za juu. "Ulikuwa mpango mzuri," alisema kutoka kule juu. "Ulihitaji namba tu. Namba moja kwenye kila ujumbe." Halafu akarudi ndani.

Kilichobaki kilikuwa hospitali. Chiriku alijizungusha siku kadhaa kabla ya kwenda, kisha akaenda. Mshonaji alikuwa amehamishiwa chumba chenye vitanda viwili, na bintiye alikuwa akimkanda vidole vya mkono wa kulia, kimoja kimoja, kama walivyoelekezwa.

"Mimi ndiye niliyeiandika programu," Chiriku alisema. Alikuwa amejiandalia maneno mengi, akajikuta amefika mwisho wake mara moja. "Kuna mtu mwingine alijua ina kosa, akanyamaza. Mkitaka kushtaki, nitasimama niseme yote, ya kwangu na ya kwake."

Binti hakuacha kukanda. "Umekuja kutupa mtu mwingine wa kumchukia?"

"Nimekuja kusema ukweli."

"Ukweli," binti alisema, kama anayejaribu kiatu cha mtu. Akamwinamia mama yake. "Mama, huyu ndiye aliyeiandika ile kompyuta. Anasema alikuwa na mwenzake."

Mshonaji alimgeuzia Chiriku macho. Yalikuwa macho ya mtu mwenye akili zake zote, aliyefungiwa chumbani na ufunguo wa mlango ukapotezwa. Mdomo ukahangaika. Ikatoka sauti moja ndefu isiyo na umbo, na mkono wa kushoto ukainuka, ukafanya kitu hewani: vidole viwili vimebana, vikipanda na kushuka. Chiriku hakuelewa, akamtazama binti.

"Anashona," binti alisema. "Kila mtu anayeingia anamwonyesha hivyo. Hataki kesi. Haulizi nani alifanya nini. Anaulizia mkono wake." Aliendelea na kidole kingine. "Kama hukuja nao, ondoka. Na usirudi, maana ukirudi atadhani umeuleta."

Chiriku aliondoka.

Msumeno alipanda cheo. Programu ikanunuliwa na hospitali nyingine, kisha nyingine, ikiwa na foleni yake, namba zake, na sehemu zake zisizojuana. Aliitwa kwenye mikutano kueleza jinsi ya kupima uhuru wa sehemu dhidi ya wepesi wa mlango, na wanasema alieleza vizuri, bila majigambo, akikiri hata kwamba mwanzoni yeye mwenyewe aliupinga mpango huo. Hakumtaja aliyeuleta. Kobe alistaafu wakamwandalia keki.

Chiriku alipata kazi katika ofisi ndogo inayotunza programu za maduka, akapanga chumba ghorofani. Wenzake wapya walimwona mtu mkimya na hawakuwa na sababu ya kufikiri vinginevyo.

Dada alikuja Jumamosi moja mchana, amebeba mkoba wenye vitu vilivyosahaulika: kitana, picha ya wazazi wao, sweta. Alikuwa amekonda. Alisimama mlangoni akihema kwa ngazi, akasubiri akaribishwe.

"Naweza kukaa kidogo?" aliuliza.

Chiriku alikuwa ameshika mlango. "Yeye anajua umekuja?"

"Hajui. Mdogo wangu, mimi ningefanya nini? Nakula kwake. Nalala kwake. Akikasirika unamjua."

"Namjua. Nami nilikuwa nakula kwake."

"Nilidhani ni aibu ya siku mbili tu. Naapa."

"Ulikuwa na siku ngapi za kuniambia?"

Dada alimnyooshea mkoba, na Chiriku akaupokea. Picha ya wazazi ilikuwa juu kabisa. Akaitoa, akamrudishia dada yake mkononi.

"Kaa nayo wewe," alisema.

"Huitaki?"

"Sitaki kitu tulichokuwa nacho wote."

Alisema bila kupandisha sauti, akimtazama usoni mpaka alipoona limeingia. Dada aliikumbatia picha ile kifuani, akageuka, akaanza kushuka akishika ukuta. Chiriku alimwacha ashuke ngazi za kwanza, kisha akafunga mlango, akaenda kutandika kitanda chake, maana tangu asubuhi alikuwa hajakitandika.